Umri wa Mkufunzi

Msomaji wangu, fikiri ya kwamba umeketi katika halmashauri ya chama cha kandanda, na juu ya meza ziko barua mbili za kuomba kazi. Moja imetoka kwa kijana wa miaka 28, na nyingine imetoka kwa mzee wa miaka 70. Kazi ni moja tu, nayo ni ya mkufunzi mkuu, yule ambaye wachezaji humwita kocha. Mjumbe mmoja anasema, "Kuishi kwingi ni kuona mengi; tumchukue mzee." Mwingine anajibu, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake, tumchukue kijana." Kisha wote wanakugeukia wewe. Utasema nini?

Usilidharau swali hili kwa kuwa lahusu mchezo. Mkufunzi wa kandanda ya kulipwa huishi kwa kazi yake kama vile seremala aishivyo kwa randa yake. Ukimnyima kazi kwa ajili ya miaka yake tu, umemnyima riziki kwa jambo asiloweza kulibadili. Kwa upande wa pili, ukimpa kazi mtu asiyeiweza, wachezaji wako watapoteza msimu mzima, na pengine timu itashushwa daraja. Basi mizanini mna haki mbili, haki ya mwombaji na haki ya timu, wala hapana budi zote mbili zipimwe. Nia yangu katika insha hii ni kuzipima kwa mambo yaliyokwisha kutendeka, maana historia ni shahidi asiyekuwa na ndugu katika halmashauri.

Tuanze mwanzo. Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa nchini Uruguay mwaka 1930. Fainali ilikuwa mjini Montevideo tarehe 30 Julai, na wenyeji waliishinda Ajentina mabao 4 kwa 2. Mkufunzi wa Uruguay, Alberto Suppici, alikuwa na miaka 31. Mkufunzi wa Ajentina, Juan José Tramutola, alikuwa na miaka 27 tu. Je, tuseme kwamba watu wa siku zile waliwapenda vijana kuliko wazee? La, hasha. Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa changa. Mahali pengi wachezaji walichaguliwa na halmashauri ya viongozi, na kazi kubwa ya mkufunzi ilikuwa kuwaweka wachezaji katika afya na mazoezi. Kazi isiyo na miaka mingi haiwezi kuwa na wazee wengi. Hapa twapata fundisho la kwanza: desturi ya kudhani kwamba mkufunzi sharti awe mtu mzima haikuzaliwa pamoja na mchezo. Ilikuja baadaye, kazi ilipopata wakongwe wake.

Tangu mwaka ule hadi 2022 hapakutokea mkufunzi aliyelitwaa Kombe la Dunia akiwa mdogo kuliko Suppici. Wala hapakutokea aliyelitwaa akiwa mkubwa kuliko Vicente del Bosque wa Uhispania, ambaye mwaka 2010 alikuwa na miaka 59. Mtu mwenye haraka angesema, "Basi tumekwisha kupata mpaka. Ajiriwe mtu wa miaka 31 hadi 59, na wengine warudishiwe barua zao." Lakini ngoja kidogo. Miaka miwili tu kabla ya ushindi huo, Uhispania hiyo hiyo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Ulaya la 2008, na mkufunzi wake, Luis Aragonés, alikuwa na miaka 69. Mwaka 2004 kombe hilo lilikuwa limechukuliwa na Ugiriki, nchi ambayo wengi hawakuitazamia kabisa, ikiongozwa na Otto Rehhagel wa Ujerumani, mwenye miaka 65. Na katika kombe la klabu bingwa za Ulaya, José Villalonga aliiongoza Real Madrid kulitwaa mwaka 1956 akiwa na miaka 36, na Raymond Goethals wa Ubelgiji akaiongoza Marseille kulitwaa mwaka 1993 akiwa na miaka 71. Mpaka tuliodhani tumeupata umevunjika kwa upande wa wazee.

Hata hivyo, haitoshi kuyataja majina na miaka. Watu wanapouliza umri wa mwombaji, mara nyingi hawautaki umri wenyewe. Kuna mambo mengine wanayoyatafuta, nao hudhani kwamba umri utawaonyesha. Mambo hayo ni manne: maarifa, heshima, afya na muda wa kukaa kazini. Tuyatazame moja moja, tuone kama kweli umri huyaonyesha.

La kwanza ni maarifa. Wasemao kwamba kijana hajui kitu wana sababu yao, kwa kuwa mambo mengi hujifunzwa kwa kuyatenda. Lakini yatupasa kutofautisha miaka ya kuishi na miaka ya kazi. Mwezi wa Februari 2016 klabu ya Hoffenheim ya Ujerumani ilikuwa nafasi ya 17 katika ligi ya timu 18. Mkufunzi wake, Huub Stevens wa Uholanzi, mwenye miaka 62 na sifa kubwa, alijiuzulu kwa ajili ya ugonjwa wa moyo. Mahali pake pakachukuliwa na Julian Nagelsmann, kijana wa miaka 28. Hakuna aliyewahi kuwa mkufunzi wa kudumu katika ligi ile akiwa na umri mdogo hivyo. Watu walishangaa. Lakini mshangao wao ungalipungua kama wangaliuliza kijana huyu alikuwa wapi kabla ya siku ile. Goti lake lilikuwa limemkatiza kucheza alipokuwa na miaka 20. Tangu hapo alikuwa katika kazi ya kuwachunguza wapinzani na kuwafundisha vijana, na mwaka 2014 aliiongoza timu ya Hoffenheim ya walio chini ya miaka 19 kuwa bingwa wa Ujerumani. Tena, klabu ilikuwa imekwisha kutangaza mwezi wa Oktoba 2015 kwamba angepewa timu kubwa msimu uliofuata; ugonjwa wa Stevens uliiharakisha tu siku yenyewe.

Matokeo yalikuwaje? Hoffenheim ilimaliza msimu ule nafasi ya 15, ikaokoka. Msimu wa pili ikawa ya 4, na wa tatu ikawa ya 3. Waona, msomaji, kwamba Hoffenheim haikucheza bahati nasibu. Iliajiri mtu ambaye kazi yake ilikuwa imeonekana kwa macho, ndani ya nyumba yake yenyewe. Kijana kwa miaka, lakini si mgeni wa kazi. Na kinyume chake ni kweli pia: mtu aweza kuwa na miaka 60 ya kuishi na mwaka mmoja tu wa kufundisha. Mvi zake si cheti.

La pili ni heshima. Husemwa kwamba mchezaji hawezi kumtii mkufunzi aliye rika lake, seuze aliye mdogo kwake. Hoja hii ina nguvu katika nchi zetu, ambamo mdogo hufundishwa kumwamkia mkubwa kabla ya kusema neno lolote. Lakini katika kikosi cha Hoffenheim alikuwamo Kevin Kuranyi, aliyezaliwa mwaka 1982, miaka mitano kabla ya mkufunzi wake, na timu haikuvunjika kwa sababu hiyo. Mchezaji wa kulipwa humtazama mkufunzi na kujiuliza swali moja: Je, mtu huyu ataniongezea ujuzi? Akiona ndiyo, humsikiliza.

Tena tumtazame Walter Winterbottom. Mwaka 1946 Uingereza ilimweka awe mkufunzi wa kwanza wa timu yake ya taifa. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa amefundisha shule, kisha akawa mhadhiri katika chuo cha elimu ya viungo, na hakuwa amewahi kuiongoza klabu yoyote ya kulipwa. Stanley Matthews, mchezaji aliyesifiwa kote nchini, alikuwa mdogo kwake kwa miaka miwili tu. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria ilikuja Wembley ikaifunga Uingereza mabao 6 kwa 3, na hapo ilikuwa rahisi kusema, "Tulimpa kazi mtoto." Lakini ukichungua utaona kwamba Winterbottom hakuwa na uhuru wa kuwachagua wachezaji wake. Wachezaji walichaguliwa na halmashauri ya viongozi. Upungufu wa madaraka ulikuwa kikwazo kikubwa kuliko upungufu wa miaka. Hata hivyo alibaki katika kazi ile hadi 1962, akaiongoza timu katika Makombe manne ya Dunia, na wakati huo huo akaanzisha mafunzo ya wakufunzi nchini mwake. Miongoni mwa waliopita katika mikono yake walikuwamo Ron Greenwood na Bobby Robson, ambao baadaye waliiongoza timu hiyo ya taifa. Fundisho ni hili: heshima ya mkufunzi hutoka pia kwa wale waliomwajiri. Wakimpa jina la ukuu na kumnyima madaraka, hata mwenye mvi kichwa kizima hataheshimiwa.

La tatu ni afya, na hapa sharti tuseme kweli bila kuificha. Kazi ya mkufunzi huula mwili. Usiku hana usingizi, mchana hana utulivu, na kila juma hupimwa mbele ya maelfu ya watu. Tarehe 10 Septemba 1985 mjini Cardiff timu ya Uskoti ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Wales, matokeo yaliyoiwezesha kuendelea na safari ya Kombe la Dunia. Mkufunzi wake, Jock Stein, yule aliyeiongoza Celtic kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1967, alianguka karibu na uwanja mchezo ulipokuwa ukimalizika, akafa jioni ile ile. Alikuwa na miaka 62. Msaidizi wake, Alex Ferguson, mwenye miaka 43, ndiye aliyeichukua timu hadi Meksiko mwaka 1986.

Kisa hiki chaweza kumfanya mtu aseme, "Mnaona? Wazee wapumzishwe." Lakini tusikimbilie hukumu. Gérard Houllier wa Liverpool alishikwa na ugonjwa wa moyo katikati ya mchezo mwezi wa Oktoba 2001, akapasuliwa, akapona na kurudi kazini mwaka uliofuata. Alikuwa na miaka 54. Roy Hodgson, kwa upande wake, aliitwa na Crystal Palace mwezi wa Machi 2023, naye ana miaka 75, timu ikiwa imecheza michezo 12 bila kushinda. Katika michezo 10 iliyobaki ilishinda 5 na kumaliza nafasi ya 11. Mwezi wa Februari 2024, akiwa na miaka 76, aliugua mazoezini, akaondoka katika kazi hiyo. Basi ugonjwa haukuangalia tarehe ya kuzaliwa kwa namna moja kwa wote. Ni kweli kwamba mwili hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Kulikana jambo hilo ni ujinga. Lakini daktari humpima mtu mmoja, na kalenda haimpimi mtu yeyote. Klabu yenye busara humwekea mkufunzi wake daktari na wasaidizi wema, awe kijana au mzee.

Na huyu Hodgson ana neno jingine la kutufundisha. Mwaka 1976 alikwenda Uswidi kuifundisha klabu ya Halmstad, akiwa na miaka 28, na mwaka ule ule klabu hiyo ikawa bingwa wa nchi. Kama halmashauri ya Halmstad ingalisema kwamba kijana hafai, na halmashauri ya Crystal Palace ingalisema kwamba mzee hafai, mtu huyo huyo mmoja angalidhulumiwa mara mbili, na klabu mbili zingalipata hasara.

La nne ni muda wa kukaa kazini. Husemwa kwamba kijana atadumu na mzee ataondoka mapema. Katika kandanda ya kulipwa hoja hii ni dhaifu sana, kwa kuwa wakufunzi hawaondolewi na uzee bali na matokeo. Claudio Ranieri aliipatia Leicester City ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, naye ana miaka 64. Hata mwaka haukupita, mwezi wa Februari 2017, alikwisha kufukuzwa. Nagelsmann huyo tuliyemsifu aliipa Bayern ubingwa mwaka 2022, naye akafukuzwa mwezi wa Machi 2023 akiwa na miaka 35. Mmoja mzee, mmoja kijana, na mlango uliowatoa ni mmoja.

Sasa tuje nyumbani, barani Afrika. Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kodivaa mwezi wa Januari na Februari 2024 lilitoa ushahidi wa pande zote mbili katika mashindano yale yale. Wenyeji waliongozwa na Jean-Louis Gasset wa Ufaransa, mwenye miaka 70. Tarehe 22 Januari walifungwa na Guinea ya Ikweta mabao 4 kwa 0, nyumbani kwao. Baada ya siku mbili Gasset aliondoka, na timu akakabidhiwa msaidizi wake, Emerse Faé, siku ile ile aliyotimiza miaka 40. Viongozi hawakumwamini sana, maana walijaribu kumwazima Hervé Renard, aliyekuwa akiifundisha timu ya wanawake ya Ufaransa, wakakataliwa. Jioni hiyo Moroko iliishinda Zambia, na kwa matokeo ya wengine Kodivaa ikapenya hatua iliyofuata. Tangu hapo iliitoa Senegali kwa mikwaju ya penalti, ikaishinda Mali katika dakika za nyongeza ingawa ilibaki na wachezaji 10, ikaitoa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tarehe 11 Februari ikaifunga Nigeria mabao 2 kwa 1 na kulitwaa kombe.

Vijana walishangilia wakasema, "Mmeona? Enzi ya wazee imekwisha." Lakini walisahau kutazama nani aliyesimama nafasi ya tatu. Ilikuwa Afrika Kusini, na mkufunzi wake alikuwa Hugo Broos wa Ubelgiji, mwenye miaka 71. Tena Broos huyu aliiongoza Kameruni kulitwaa kombe hilo mwaka 2017 akiwa na miaka 64, baada ya wachezaji kadha kuukataa wito wake, naye akaenda na aliowapata. Kwa hiyo shahidi mmoja katika mashindano yale alimtetea kijana, na shahidi wa pili akamtetea mzee, nao wote wawili walisema kweli.

Hapa, msomaji, sharti nikutahadharishe. Historia ina tabia ya kuwakumbuka washindi. Mimi nimekutajia Nagelsmann, Faé, Goethals na Broos kwa kuwa makombe na ushindi wao viliandikwa. Wapo vijana wengi waliopewa timu wakashindwa, na wazee wengi waliorudishwa kazini wakaharibu, ambao majina yao hayasomwi tena. Tena Faé alikuta kikosi chenye wachezaji hodari, na bahati ilimfungulia mlango kwa mkono wa Moroko. Kwa hiyo ushahidi wangu hauthibitishi kwamba umri si kitu kabisa. Wathibitisha neno dogo zaidi, lakini imara: umri peke yake hautoshi kumwajiri mtu, wala hautoshi kumkataa.

Basi halmashauri yetu iulize nini? Kwanza iulize amefanya kazi gani, na wapi, na waliofundishwa naye wamekuwaje. Pili iulize ana cheti cha ukufunzi cha daraja inayotakiwa. Tatu iulize timu yetu ina haja gani. Timu ya vijana inayojengwa yahitaji mtu mwenye subira ya kufundisha, na timu iliyo ukingoni mwa kushushwa daraja yahitaji mtu atakayetuliza mioyo kwa siku chache. Nne iulize nani watakuwa wasaidizi wake. Mara nyingi jawabu njema kuliko zote si kumchagua mmoja kati ya barua zile mbili, bali kumweka mkongwe na kijana katika benchi moja, ili mmoja arithishe na mwingine arithi. Faé alikuwa msaidizi wa Gasset kabla ya kuwa mrithi wake, na Ferguson alikuwa msaidizi wa Stein. Wahenga walisema, "Ujuzi hauzeeki." Nami naongeza kwamba ujuzi usiporithishwa huzikwa.

Wala hili si shauri jema tu. Kwetu Kenya ni sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya umri wake, na yautaja umri pamoja na kabila, dini na jinsia. Katazo hilo haliihusu serikali tu, bali kila mtu. Mkutano wowote wa kandanda unaosema, "Huyu ni mzee mno," au "Huyu ni mtoto bado," na kuishia hapo, umeyasahau maneno hayo.

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa heshima ya kuliandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja hujengwa kwa fedha, lakini wakufunzi hujengwa kwa miaka, na mtu hawezi kuwa mkongwe ikiwa hakuna aliyethubutu kumwajiri alipokuwa kijana. Wewe unayesoma kurasa hizi leo una miaka kumi na kadha. Siku si nyingi utaandika barua yako ya kwanza ya kuomba kazi, na mtu atauliza, "Ana umri gani?" Utatamani aulize pia, "Aweza nini?" Na miaka mingi baadaye, Mungu akikujalia, utaandika barua nyingine ukiwa na mvi, nawe utatamani vivyo hivyo.

Kati ya siku hizo mbili utaketi upande ule mwingine wa meza, na barua zitakuwa mbele yako. Tarehe ya kuzaliwa itakuwa imeandikwa juu kabisa ya karatasi, na ni rahisi jicho kukomea hapo. Nakusihi usome mpaka chini.